Mhusika mwenye nguvu kuwazidi wachezaji: mpe shughuli, usimpunguzie nguvu

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaoendesha michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ya kifantasia yenye dadu, karatasi, mapanga na majoka. Wanaocheza tu bila kuendesha nao wakaribie, maana lawama nyingi nitakazozigusa zimetoka kwao na wana haki nazo.

Lawama yenyewe mnaijua. Kampeni, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao, ina mchawi mkuu wa ngazi ya 18, na ngazi ndiyo kipimo cha nguvu za mhusika. Ana mnara, ana ndevu, anajua siri za miungu. Kijiji kinavamiwa. Anawaita wahusika wa wachezaji, wote ngazi ya 3, mmoja wao hana hata ngao, anawatuma wakakiokoe. Mchezaji mwenye akili zake anauliza, "Kwani yeye kwa nini asiende?" Msimamizi, yaani anayeendesha mchezo, anajibu kwamba mchawi ana mambo mengi. Mambo gani? Hapo ndipo utakaposikia mtu anachezea dadu mezani huku akiangalia pembeni.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuwafuta wakubwa wote kwenye ramani, au kuwashusha ngazi hadi wawe karibu sawa na wachezaji. Siikubali. Dunia isiyo na wakubwa haina wa kumwomba, wa kumkimbia, wa kumsaliti wala wa kumrithi. Unabaki na mapambano yaliyopimwa kwa mizani, moja baada ya jingine, na meza inachoka bila kujua kwa nini.

Msimamo wangu ni kwamba nguvu haijawahi kuua kampeni. Kinachoua ni mwenye nguvu asiye na shughuli. Mkubwa ambaye siku zake zote ziko wazi, hana hasimu wa kimo chake, hana anachoogopa kukipoteza, atakulazimisha mambo mawili tu: ama aingilie kila kitu, ama umtungie udhuru mpya kila kikao.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi tunatamka "ngazi ya 18" kama radi, bila kufungua kitabu kuona inaruhusu nini.

Kwa kanuni za Dungeons & Dragons (D&D) toleo la tano, lile la 2014, mchawi wa ngazi ya 18 ana nafasi moja, yaani kuutumia mara moja, ya uchawi wa daraja la sita, moja ya la saba, moja ya la nane na moja ya la tisa. Kwa siku nzima. Uchawi wa kujihamisha na kutokea mji mwingine kwa kufumba na kufumbua ni wa daraja la saba. Akishakwenda kuokoa kijiji, nafasi hiyo imekwisha. Kama nyumbani ana duara la kudumu la usafiri, daraja la tano litamrudisha. Kama hana, itabidi aitumie nafasi ya nane kwa nauli tu. Yaani safari moja ya kwenda kufukuza majambazi inaweza kumla nusu ya nguvu zake kubwa, na hatazirudisha mpaka apumzike kwa muda wa saa nane kamili. Sasa jiulize: nani anasubiri usiku huo?

Kama jibu ni "hakuna", hapo ndipo penye tatizo. Ngazi yake iache kama ilivyo.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na kwenye ramani yako kila fahali anapaswa kujua mwenzake amelala upande gani. Kila mkubwa ninayemwandika nampa mkubwa mwingine anayemkodolea macho. Malkia wa kaskazini anajua kila siri ya uchawi wa barafu, lakini kwenye kilele cha mlima kuna joka ambalo limeahidi kutoshuka wakati yeye yumo mjini. Ahadi inasema hivyo hivyo: wakati yumo mjini. Akitoka hata siku mbili, joka haliko tena chini ya kiapo. Kwa hiyo malkia ni mwenye nguvu kuliko wote upande ule wa dunia, na ni mfungwa wa ukuta wake mwenyewe. Wachezaji wakiuliza kwa nini asiende, jibu liko wazi, tena wanaweza kuligundua wenyewe kwa kumwuliza mlinzi wa lango.

Faida yake nyingine ni hii: ngazi ya 3 inageuka kuwa sababu ya kuchaguliwa. Mkubwa akinyanyuka kwenye kiti, habari zinasafiri. Majasusi wanaandika barua, mahasimu wanatazama mbinguni kwa vioo vyao. Vijana wanne wenye punda mmoja hakuna anayewahesabu. Malkia anawahitaji kwa sababu ni wadogo. Wachezaji wakilielewa hilo huacha kujiona wametumwa dukani, wanaanza kujiona wana kitu ambacho malkia hana.

Walioandika dunia maarufu wameligusa suala hili kwa njia tofauti. Forgotten Realms, dunia ya Ed Greenwood iliyotolewa kwa ajili ya D&D mwaka 1987, imeandamwa miaka mingi na swali la Elminster: kama mchawi wa namna ile anaishi pale Shadowdale, sisi tunafanya nini hapa? Wanaoitetea wanasema ana maadui wa kutosha kumshughulisha, na ni kweli, lakini hilo ni lazima msimamizi alifanyie kazi mezani, vinginevyo mchezaji haoni ila jina kubwa.

Eberron ya Keith Baker, ya mwaka 2004, ilichagua kuwafunga wakubwa wake kwa mahali. Jaela Daran, kiongozi wa kanisa la Silver Flame, ni mtoto wa kike mwenye nguvu za kutisha, ila nguvu hizo kuu anazo akiwa Flamekeep tu. Akitoka nje ya makao hayo anapungua sana. Na Oalian, druidi (kuhani wa maumbile) mkuu wa misitu ya magharibi, ni mti. Mti kabisa, msonobari mkubwa ulioamshwa ukapata akili, na mizizi yake iko ardhini. Napenda sana huyu. Huhitaji udhuru wowote kueleza kwa nini hakuja kwenye pambano lenu. Mfuateni mwenyewe, mkae chini ya kivuli chake, mseme shida yenu.

Hata Strahd, mnyonya damu wa Ravenloft tangu 1983, ni bwana wa nchi yake yote na hawezi kutoka nje ya mipaka yake. Ndiyo maana anaweza kuwatembelea wachezaji mapema, akawatania, akawapima, akaondoka zake, na kampeni isivunjike. Anachokitaka hakipatikani kwa kuwaua siku ya kwanza.

Kwa hiyo mkubwa afungwe na nini? Mahali, kiapo, hasimu, njaa, ugonjwa, mapenzi, sheria ya mungu wake. Chagua kimoja, viwili vikizidi. Ukimfunga kwa vyote atakuwa kichekesho. Na kifungo kiwe kitu ambacho wachezaji wanaweza kukigusa: kukilegeza, kukikata, kukiuza kwa adui. Kifungo kisichoguswa ni udhuru uliovaa nguo nzuri.

Nihamie mezani sasa.

Jambo linalonikera kuliko yote, na nimelivumilia kama mchezaji mara nyingi, ni msimamizi anayeongea na nafsi yake. Mfalme anasema, waziri anajibu, mfalme anakasirika, kuhani anaingilia, na sauti zote ni za mtu mmoja aliyekaa nyuma ya kadibodi. Wachezaji wanatazama. Robo saa. Wakubwa wawili wakikutana mbele ya wachezaji, mimi nafupisha kwa sentensi moja: "Wamebishana mpaka mishumaa ikaisha, na sasa wote wawili wamewageukia nyinyi." Kinachohitaji kuigizwa ni pale wanapogeuka. Kama mjadala wa wakubwa ni mtamu mno kufupishwa, gawa viti. Mchezaji mmoja awe waziri wa vita kwa dakika kumi, mwingine mtunza hazina, kila mmoja umpe kikaratasi chenye mistari miwili: unataka nini, unaogopa nini. Watakupa mfalme bora kuliko wako.

Na wakubwa wasipigane wao kwa wao kwa dadu. Msimamizi kurusha dadu dhidi ya msimamizi, wenzie wakihesabu, ni adhabu. Amua matokeo, sema yanavyoonekana kutoka pale wachezaji waliposimama, kisha uwape kitu cha kufanya katikati ya vifusi.

Kuna suala la kuonyesha nguvu kabla haijatumika. Angalia namba za joka jekundu la kale katika kitabu kile cha 2014: pointi za uhai 546, na pumzi ya moto yenye wastani wa madhara 91. Shujaa wa upanga wa ngazi ya 5 mwenye afya nzuri ana pointi 44 hivi. Akifaulu kukwepa anakula nusu, 45, na yuko chini. Asipofaulu hata zile dadu za kupigania uhai hazirushi, kwa sababu madhara yaliyobaki baada ya kufika sifuri yamepita pointi zake zote, na kanuni inasema huyo kafa palepale. Hakuna mbinu hapo. Kwa hiyo mchezaji asiijue tofauti hiyo kwa kuungua. Aijue kwa kumwona mtu anayemheshimu akiinama. Yule nahodha aliyewashinda kwenye mazoezi bila kutoka jasho, waoneshe anaposikia mabawa: anatupa upanga chini na kulala kifudifudi, haangalii juu mpaka kivuli kipite. Maelezo marefu ya magamba na macho ya dhahabu hayafanyi kazi hiyo.

Halafu mkubwa asiwe na jibu moja tu la kuwaua. Kanuni za D&D Basic za 1981 zilikuwa na jedwali ambalo bado nalitumia kwa viumbe wa kila kimo: dadu mbili za pande sita, 2 ni shambulio papo hapo, 12 ni urafiki wa shauku, na 6 hadi 8 ina maana bado hajaamua. Angalia ilivyo: matokeo yanayotokea mara nyingi zaidi ni ya kutoamua. Joka lisiloamua ni zawadi kwa msimamizi. Linataka kusikia.

Karibuni mchangie. Naomba tu mtu asije na "kwani mbona usicheze michezo ya kompyuta".

#2

Mkuu uzi mzuri, ila meza yangu ina ugonjwa mwingine. Wachezaji wangu hawaulizi kwa nini mfalme asiende. Wao mfalme akiwajibu vibaya wanachomoa mapanga. Juzi mmoja katangaza anamrukia mtawala mbele ya baraza zima, eti kwa kuwa "namba zake ziko chini". Nikimpa mfalme ngazi ya 15 wanasema namkinga. Nikimwacha mtu wa kawaida wanamchinja. Nifanyeje?

#3 (mleta uzi)

Mwache mtu wa kawaida.

Mfalme si joka. Mtu wa kawaida katika kanuni zile ana pointi 4 za uhai, na mfalme mzee anaweza kabisa kuwa karibu na hapo. Nguvu yake haiko mwilini. Iko kwenye muhuri, kwenye mishahara ya askari, kwenye madeni ya mabwana wa mikoa, kwenye binti aliyeolewa ng'ambo ili vita visianze. Wakimchinja hawajazishinda nguvu hizo, wamezimwaga tu sakafuni, na kila aliyemo ukumbini anaanza kuziokota.

Kwa hiyo kabla dadu hazijarushwa, msimamishe kidogo huyo mrukaji umweleze anachokiona mhusika wake, kwa sababu mhusika amesimama pale na mchezaji hayupo. Wapiga mishale kwenye roshani. Mrithi mwenye miaka sita amekaa kwenye ngazi. Balozi wa nchi jirani ambaye amekuja kuthibitisha mkataba uliotiwa saini na mtu huyu, si na mwingine. Kisha muulize, "Bado unaruka?" Akisema ndiyo, aruke. Mfalme afe. Kampeni yako imepata warithi watatu na jeshi lisilolipwa, na wachezaji wako ndio wanaotafutwa na wote.

Usimfufue kwa hila. Kama ni mchawi mkuu na ulikuwa umepanga ana mwili wa akiba, basi fuata kanuni: mwili ule unachukua siku 120 kukomaa ndani ya chombo chake. Kama ulianza kukua mwezi uliopita, haujaiva, na bwana yule amekwenda kweli. Andika tarehe kwenye daftari lako kabla ya kikao, si baada ya pigo.

Na kama wanachinja kila mwenye cheo bila kujali, hilo si suala la wahusika tena. Wekeni dadu pembeni muongee kama watu wazima: mnataka mchezo wa namna gani?

#4

Napinga kidogo. Mleta uzi unaongea kana kwamba wachezaji wote wanachukia kuokolewa. Mimi kwangu kuna shujaa mmoja wa zamani, bibi mwenye upanga uwakao, na kila akitokea pambano likiwa limeshindikana, meza inalipuka kwa shangwe. Wanampenda. Sasa nimnyang'anye shughuli hiyo kwa sababu ya nadharia?

#5 (mleta uzi)

Usimnyang'anye. Lakini tuangalie anatokeaje.

Kama wachezaji walimwita, kwa tarumbeta aliyowapa na inayopulizwa mara moja, na walikuwa wamebishana wiki tatu kama waitumie au la, basi bibi yule ni silaha yao. Ushindi ni wao, wameununua. Kama anatokea kwa sababu wewe ulipima pambano vibaya na huna moyo wa kuwaua, meza itashangilia mara ya kwanza na ya pili. Baadaye utaona wanaingia mapangoni bila kupeleleza, bila kuweka akiba ya dawa, kwa sababu wanajua kuna bibi.

Jaribio ni rahisi. Kikao kijacho mfanye achelewe. Asife, asitekwe, achelewe tu, kwa sababu ya kitu ambacho wachezaji walikijua na walikipuuza. Ona wanafanya nini wakiwa peke yao.

Na awe na bei. Mkono mtupu haulambwi. Bibi akiwaokoa, kuna mahali pengine hakuwepo usiku ule, na wenye mahali hapo wana majina. Sina maana ya kuwasimanga wachezaji. Nina maana dunia yako iendelee kuhesabu.

#6

Samahani kwa swali la kianzio. Je, mkubwa anayetembea NA kundi? Wachezaji wangu wako watatu tu, hakuna mganga, nikawawekea kuhani mwenye ngazi za juu awasindikize. Sasa nagundua kila wakikwama wananiangalia mimi.

#7

Nimjibu huyu kabla ya mleta uzi, yamenikuta kwenye meza niliyokuwa nacheza. Msimamizi alikuwa na "kuhani" wa namna hiyo, na kwa kweli alikuwa mhusika wake mwenyewe aliyemleta kutoka kampeni ya zamani. Kuhani akijua mtego uko wapi, kuhani akipiga pigo la mwisho, kuhani akitoa hotuba. Sisi tulikuwa mashahidi wa maisha yake.

Kilichosaidia meza nyingine niliyohamia: karatasi ya msindikizaji wanashika wachezaji. Kwenye pambano wanampokezana, leo huyu anamrushia dadu, kesho yule. Msimamizi anabaki na sauti yake tu, na sauti ina haki ya kukataa jambo moja, lililotajwa tangu mwanzo. Kuhani wetu alikuwa haui aliyejisalimisha. Mengine yote tuliamua sisi.

#8 (mleta uzi)

#7 kamaliza, mimi naongeza kidogo tu. Ngazi za juu hazihitajiki kwa kuhani huyo. Mahitaji ya kundi ni uponyaji, hawahitaji hukumu. D&D ilitoa mwaka 2020, kwenye kitabu cha nyongeza, kanuni za wahusika wasaidizi wa aina tatu, yaani askari, fundi na mwenye uchawi, ambao wanapanda ngazi pamoja na kundi bila kuwa na vipaji vingi vya mhusika kamili. Ndiyo saizi ya msindikizaji. Kuhani mkuu mwenyewe abaki hekaluni, huyu awe mwanafunzi wake.

Na wakikuangalia usoni, jibu kwa swali: "Mwanafunzi anawaangalia nyinyi. Mnafanya nini?"

#9

Mimi ni mchezaji, sijawahi kuendesha. Nisemee upande wetu. Wakubwa wengi tunaokutana nao wanaongea mafumbo. Umesafiri siku tisa, umepoteza punda, umefika kwa mzee wa mlimani, anakuambia "kivuli kina njia yake". Anajua, hasemi, na sababu ya kutosema ni kwamba msimamizi hataki tujue bado. Tunaona kabisa. Afadhali angekuwa hajui.

#10 (mleta uzi)

Dada, au kaka, umesema kweli na ningependa wasimamizi wote wasome hapo mara mbili.

Mkubwa anayejua ajibu. Ajibu kweli, kwa maneno ya kawaida, ila asijue yote. Mzee wa mlimani anajua mlango uko wapi kwa sababu aliujenga. Hajui nani ameufungua kwa sababu hajashuka tangu ujana wake. Maarifa nayo yana shughuli na mahali, kama nguvu. Ukimwandikia mambo matatu anayoyajua kwa uhakika na moja analoliamini ambalo si kweli, huhitaji fumbo hata moja. Lile la uongo ndilo litakalowapa wachezaji kampeni ya miezi.

Kuna kanuni moja ninayoipenda kwa mazungumzo ya mbali. Uchawi wa kutuma ujumbe katika D&D unabeba maneno 25, na anayepokea anaweza kujibu papo hapo kwa kiasi hicho hicho. Wape wachezaji karatasi waandike, wahesabu kweli. Utaona watu wazima wanagombania kiunganishi. Na wewe jibu la mkubwa wako ulihesabu pia, maana hapo anabanwa na kanuni ile ile inayowabana wao. Malkia aliyekuwa anatisha ukumbini, akilazimika kusema shida yake kwa maneno 25, anaanza kuonekana mtu.

#11

Swali la mwisho kwangu. Wakubwa wanapokuwa hawapo mezani, wewe unafuatiliaje wanachofanya? Nikijaribu kuandika kila mmoja naishia kutunga riwaya ambayo hakuna atakayeisoma.

#12 (mleta uzi)

Usiandike riwaya. Chora duara.

Blades in the Dark, mchezo wa John Harper wa 2017, una kitu wanachokiita saa: duara lililogawanywa vipande vinne, sita au nane, na kila jambo likisogea unatia wino kipande kimoja. Mchezo ule si wa mapanga na majoka, ila saa zake zinahamia popote. Kila mkubwa wangu ana saa moja tu. "Malkia anavunja kiapo na joka", vipande nane. "Maaskofu wanamgeuka mfalme", vipande sita. Kati ya kikao na kikao najaza kipande pale ambapo wachezaji hawakuzuia, na kila nikijaza lazima kitokee kitu wanachoweza kukiona au kukisikia: bei ya chuma imepanda, mnara una taa usiku, barua imerudi haijafunguliwa. Kama sipati dalili ya kuonyesha, sijazi.

Wakubwa watano wananitosha kampeni nzima. Wengine ni majina mpaka siku watakapotakiwa.

#13

Nina mchawi mfu, yule anayeishi bila kufa, roho yake imefichwa kwenye kasha. Kundi langu liko ngazi ya 6 na wameshaingia nyumbani kwake kwa bahati mbaya. Tuliishia hapo, wamesimama sebuleni, yeye kakaa anawatazama. Kwa namba, anawamaliza kwa zamu moja au mbili. Tunacheza Jumamosi. Sitaki kuwaua na sitaki awaachie kwa huruma, hana huruma.

#14 (mleta uzi)

Nimeipenda hali hii. Usimpe huruma. Mpe njaa.

Katika kanuni za 2014 mchawi mfu lazima alishe kasha lake kwa roho za watu, vinginevyo mwili na akili vinaanza kuoza. Kwa hiyo ana hesabu ya chakula, na waliosimama sebuleni ni akiba. Lakini mtu wa namna hiyo hakimbilii kula. Mzee wa karne nyingi anapoona vijana wamepita mitego yake kwa bahati, swali lake la kwanza litakuwa: nani amewaonyesha njia? Maana kama njia inajulikana, kasha haliko salama. Na yeye hawezi kwenda kuuliza mjini.

Kwa hiyo hapo sebuleni ana hofu, na wao wana kitu anachokitaka, ingawa hawajui. Kaa kimya, acha waanze wao kuongea. Lolote watakalosema kuhusu walivyofika, yeye alichukulie kwa uzito wote. Wakidanganya vizuri, wametoka na kazi ya kutafuta msaliti ambaye hayupo. Wakisema kweli, wametoka na kazi ile ile, ila mmoja wao anabaki kuwa mgeni wa bwana mpaka wenzake warudi. Mchezaji wa anayebaki mpe karatasi ya mtumishi wa pale ndani, aliyechoka na bwana wake, aende nao.

Na kama watachomoa mapanga, umeshawaonyesha mtu wanayemheshimu akiinama? Kama bado, fungua kikao kwa hilo. Weka ukutani, kwenye mstari wa silaha zilizotundikwa, ngao ya yule shujaa ambaye mji mzima bado unaimba nyimbo zake.

#15

Ngao. Tena wana wimbo wake, mpiga zeze wetu aliutunga kikao cha pili. Nakwenda kuchora ukuta. Mrejesho Jumapili.